Jasho la shavuni wakati wa kula: si laana, na lina tiba

Baba mmoja wa hapa Oxon Hill aliacha kula na wageni. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi ya mate, na kidonda kilipona vizuri. Miezi kadhaa baadaye, kila akianza kutafuna, jasho lilimtiririka shavu moja tu, mbele ya sikio. Yeye alidhani uvimbe umerudi. Wengine walimwambia amerogwa. Alikaa muda mrefu bila kumwambia daktari, kwa sababu aliyemtafsiria hospitalini alikuwa binti yake mdogo, na hakutaka mtoto asikie neno kansa.

Kama hali hii imekupata wewe au mtu wa nyumbani kwako, soma hadi mwisho.

Kinachotokea

Tezi kubwa ya mate iko mbele ya sikio, kila upande. Ikiota uvimbe, mara nyingi daktari huondoa tezi hiyo au sehemu yake. Humo hupita mishipa midogo ya fahamu inayoiamuru tezi itoe mate tunapokula. Upasuaji huikata. Inapoota tena, mingine hupotea njia na kujiunga na tezi za jasho za ngozini. Basi ukila, hasa kitu kichachu au chenye pilipili, amri ya kutoa mate hufika kwenye ngozi, na shavu hutoa jasho. Wengine huona wekundu au joto pia.

Hali hii huitwa ugonjwa wa Frey, kwa jina la Łucja Frey, daktari wa Poland aliyeieleza mwaka 1923. Si kansa, haiambukizi, na si lazima iwe daktari alikosea.

Kupimwa na kutibiwa

Daktari anaweza kukupaka iodini shavuni, akanyunyiza unga wa wanga, kisha akakupa kitu kichachu ule. Palipo na jasho hugeuka rangi nyeusi ya bluu. Mwambie mapema kama iodini inakudhuru.

Ikiwa jasho ni kidogo, unaweza kuamua kuliacha. Likikusumbua, kuna njia tatu:

1. Dawa ya kuzuia jasho, kama ile ya kwapani yenye aluminiamu. Marashi ya kuondoa harufu peke yake hayazuii jasho. Usipake kwenye ngozi uliyotoka kunyoa, wala karibu na macho. Muulize daktari kwanza ni ipi inafaa usoni.
2. Krimu ya glaikopirolati, ambayo huandikwa na daktari. Mwambie kama una presha ya macho au shida ya kukojoa.
3. Sindano ndogo ndogo za Botox shavuni. Hizi husaidia wengi kwa miezi mingi, kisha hurudiwa. Zinaweza kulegeza misuli ya uso kwa muda. Mwambie daktari kama una mimba au unanyonyesha.

Jinsi ya kuanza

Anza na daktari wako wa kawaida, umwombe akutume kwa daktari wa masikio, pua na koo. Jipige picha kwa simu wakati jasho linatoka, maana ofisini huenda lisionekane.

Omba mkalimani unapopanga miadi. Sema tu "Swahili interpreter". Hospitali inayopokea fedha za serikali, kama za Medicaid, inapaswa kukupa mkalimani bure. Usimbebeshe mtoto kazi hiyo.

Kwa sindano, bima inaweza kutaka daktari aombe kibali kwanza. Ukipata barua ya kukataliwa, usiitupe. Una haki ya kukata rufaa, na barua ina tarehe ya mwisho. Tuletee tuisome pamoja. Kama una Medicaid na huna njia ya kufika, Idara ya Afya ya Prince George's inaweza kukupangia usafiri. Omba siku kadhaa kabla.

Usingoje

Mpigie daktari mapema ukiona uvimbe mpya, usaha au homa. Uso ukilegea ghafla, piga 911.

Yule baba alirudi kwa daktari akiwa na mkalimani wa simu. Aliuliza swali lake la kwanza, kama kansa imerudi, akajibiwa hapana. Sindano zilikuja baadaye. Siku hizi anakula na wenzake sahani moja.