Mjengo wa JEDCO na jenereta: kihisi cha chaja kikae wapi?

JUBA – Katika mtaa kama Lemon Gaba, mwenye nyumba anayejiweza hategemei chanzo kimoja cha umeme. Laini ya JEDCO ikiwapo, huingia kupitia mita ya kulipia kabla. Ikikatika, jenereta huwashwa na swichi ya kubadilishia hugeuzwa. Anayenunua chaja ya gari la umeme Kampala au Nairobi na kuivusha Elegu hadi Nimule ana sababu ya kuufikiria mpangilio huo kabla mzigo haujafika sokoni.

Chaja ya nyumbani ya kilowati 7.4 huvuta ampea 32 kwenye umeme wa volti 230, tena kwa saa kadhaa mfululizo. Birika huchemsha na kuzimwa, chaja haipumziki. Kwa hiyo nyingi huunganishwa na kihisi cha mkondo, kibano kidogo kinachofumbwa kuzunguka waya mkuu wa nyumba. Kinapima ampea zinazopita, na chaja hupunguza uvutaji wake jiko au kiyoyozi kikiwashwa. Hushuka hadi ampea 6, na nafasi ikikosekana husimama kabisa.

Kwenye nyumba yenye laini moja kazi hii ni rahisi. Yenye jenereta ni habari nyingine. Tuseme kihisi kimefungwa upande wa laini ya JEDCO, lakini chaja imeunganishwa baada ya swichi ya kubadilishia. Umeme unakatika, jenereta ya kVA 5 inawashwa. Uwezo wake ni takriban ampea 22. Kihisi, ambacho sasa hakipitiwi na chochote, kinaiambia chaja kwamba nyumba haitumii umeme, na chaja inadai ampea zote 32. Breka ya jenereta ikiwa nzima, itakata. Ikiwa imefungwa waya isikate, jambo ambalo mafundi wamelizoea mno, kitakachoungua ni jenereta au nyaya.

Njia iliyo salama zaidi ni kuiunganisha chaja upande wa JEDCO pekee, kabla ya swichi ya kubadilishia, na kukifunga kihisi kwenye waya mkuu unaobeba mzigo wa nyumba na wa chaja kwa pamoja. Umeme ukikatika, chaja inalala. Mteja atanung'unika, lakini jenereta haitaguswa.

Kihisi chenyewe kina masharti yake. Kibano hufumbwa kwenye waya wa laini peke yake. Kikizunguka laini na nyutro pamoja, mikondo miwili hufutana na kipimo husoma sifuri. Mshale uliochorwa juu yake uelekee upande unaotajwa na maelekezo ya chaja. Ukigeuzwa kwenye nyumba yenye paneli za sola, chaja inaweza kudhani kuna umeme wa ziada.

La hatari zaidi ni nyaya zake mbili nyembamba. Kihisi kisicho na kipingamizi ndani kikiachwa wazi huku waya mkuu unabeba mzigo, volti kubwa huweza kujitokeza kwenye ncha hizo, za kutosha kumrusha fundi au kuchoma kihisi. Swichi kuu izimwe kwanza na mtihani ufanyike kuhakikisha hakuna umeme. Nyaya nyembamba zifungwe kwenye chaja, ndipo kibano kifumbwe. Wakati wa kuondoa, kibano kitangulie kufunguliwa. Nyaya hizo pia zipitishwe mbali na zile nene za umeme.

Kwa mfanyabiashara, mtego uko kwenye maandishi madogo. Kibano kilichoandikwa 100A/50mA na kingine 30A/1V vinafanana kwa sura kama mapacha, lakini kimoja hutoa mkondo na kingine hutoa volti. Hata vinavyotoa mkondo hutofautiana kwa uwiano: 100A/50mA ni 2000 kwa 1, na chaja iliyopangwa kwa 1000 kwa 1 itasoma ampea 20 kama 10 na kuizidishia nyumba mzigo. Kihisi kisiuzwe rejareja bila jina la chaja yake, na masanduku yasichanganywe njiani.

Kabla ya kuondoka, fundi asimamishe kuchaji, azime vifaa vingine na kuwasha birika la wati 2000. Chaja ioneshe karibu ampea 9. Ikionesha sifuri au nusu yake, kazi haijakwisha.