Kuovakloki prosesa ukiwa A-Town: angalia joto na umeme kabla ya gigahezi

Kuna swali linazunguka sana kwa machalii wa hapa Arusha, hasa wale waliojichanga wakanunua desktop ya mtumba: "Nasikia unaweza kuifanya prosesa ikimbie zaidi ya ilivyotoka kiwandani bila kununua nyingine. Ni kweli au fiksi?"

Jibu ni kwamba ni kweli, na kitendo chenyewe kinaitwa kuovakloki. Ila wengi wanaanzia mwisho. Wanauliza "nifike gigahezi ngapi?" wakati swali la kwanza ni kama mashine yako inaruhusu, la pili ni joto, la tatu ni umeme. Leo tuongelee hayo kwa lugha ya kawaida, na mazingira yawe ya kwetu, sio ya jamaa wa YouTube aliyekaa Ulaya.

Na kabla sijasahau: hii ni kwa mashine YAKO. Kompyuta ya kafe au ya steshenari uliyolipia nusu saa usiiguse BIOS yake, mzee. Hiyo ni mkate wa mtu.

OVAKLOKI NI NINI HASA?

Prosesa inafanya kazi kwa mapigo, kama ngoma. Kila pigo kazi kidogo inafanyika. Idadi ya mapigo kwa sekunde ndo hizo megahezi na gigahezi. Spidi inapatikana kwa kuzidisha namba mbili: saa ya msingi na kizidisho. Mfano Core i5-2500K ya Intel, iliyotoka Januari 2011: saa ya msingi ni megahezi 100, kizidisho ni 33, jibu ni gigahezi 3.3. Ukikipeleka kizidisho kwenye 40 unapata gigahezi 4.0. Hesabu ya darasa la nne tu.

Kwa nini inawezekana? Kiwandani prosesa nyingi zinakatwa kutoka kwenye sahani moja ya silikoni, halafu zinapimwa na kupangiwa spidi ambayo mtengenezaji ana uhakika nayo hata kwenye mazingira magumu. Nyingine zinabaki na nguvu ya akiba. Mfano uliovuma kuliko yote ni Celeron 300A ya mwaka 1998. Ilikuwa ya bei poa, megahezi 300. Watu wakapandisha saa ya msingi kutoka 66 hadi 100, mashine ikapiga megahezi 450 kama prosesa za bei mbaya.

Kilele cha mchezo huu ni kwingine kabisa. Mwaka 2024 jamaa wa Sweden anayejulikana kama Elmor alipeleka Core i9-14900KS juu kidogo ya gigahezi 9.1, lakini alikuwa anaipoza kwa heliamu ya kimiminika. Wewe una feni na dirisha. Kwa hiyo tulia.

SWALI LA KWANZA: MASHINE YAKO INARUHUSU?

Hapa wengi watakwama, na ni bora ukwame hapa kuliko mbele. Desktop nyingi za mtumba zinazouzwa mjini ni zile zilizotoka kwenye maofisi ya nje: Dell OptiPlex, HP Compaq na ndugu zao. Hizo BIOS yake haina kabisa sehemu ya kubadili kizidisho. Pawa saplai nazo ni ndogo, nyingi zinacheza kwenye wati 240 hadi 290, hazikuwekewa nafasi ya ziada. Kama yako ni ya aina hiyo, hamna kitu cha kuovakloki hapo. Fundi akikwambia ana programu ya kuongeza spidi kwa elfu kumi, mwambie asante.

Ili ujue yako, chukua programu ya bure inaitwa CPU-Z, ipakue kwenye tovuti ya wenyewe, ikae kwenye flashi (sio ile ya kupewa na mshikaji, zinakujaga na virusi). Ifungue uangalie vitu viwili.

Cha kwanza, jina la prosesa. Kwa Intel tafuta herufi K mwishoni, mfano 2500K au 4790K. Kwa AMD, Ryzen za desktop karibu zote ziko wazi, isipokuwa chache kama 5800X3D.

Cha pili, aina ya mazabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao kila kitu kimechomekwa. Prosesa ya K inataka bodi inayoruhusu. Kwa 2500K ni kama P67, Z68 au Z77. Ukiipachika kwenye H61 itafanya kazi vizuri tu lakini kizidisho hakipandi. Kwa Ryzen, B350, B450 na X370 zinaruhusu, A320 hairuhusu.

Vyote viwili vikikubali, twende mbele.

SWALI LA PILI: JOTO

Joto la prosesa linapanda sambamba na spidi, lakini kwa volteji linapanda kwa mraba wake. Chukua ile ile ya 3.3 uipeleke 4.0 bila kugusa volteji: moto unaongezeka kama asilimia 21. Sasa spidi hiyo hiyo, ila na volteji uipandishe kutoka 1.20 hadi 1.35: moto unaongezeka zaidi ya asilimia 50! Umeona? Kinachounguza watu mara nyingi ni volteji, sio gigahezi.

Sasa Arusha ina mambo yake. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Meru wenye mita 4,566. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 13. Feni inazunguka vile vile, lakini hewa inayopita kwenye hitisinki (kile kipande cha alumini chenye mapezi) inabeba joto pungufu kwa kiasi hicho hicho cha asilimia 13. Kinachotuokoa ni baridi yetu. Chumba cha Ngaramtoni mwezi wa saba sio chumba cha Kariakoo.

Lakini baridi hiyo hiyo ndo mtego. Mtu anaovakloki Julai saa nne usiku, chumba kina nyuzi 15, kila kitu safi, anatamba mtaani. Ikifika Februari saa tisa mchana chumba kina nyuzi 29. Prosesa nayo inapanda kwa karibu nyuzi 14 hizo hizo. Iliyokuwa 74 inakuwa 88, mashine inaanza kuganda, anasingizia virusi. Kwa hiyo ukipima wakati wa baridi, acha nafasi ya nyuzi 15 hivi kwa ajili ya msimu wa joto.

Halafu vumbi. Udongo wetu wa volkano ni laini kama unga, na kiangazi barabara za vumbi zinajua kazi yake. Fungua boksi, chukua bloa au brashi laini, safisha mapezi yote. Shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Toa hitisinki, futa pesti ya zamani iliyokauka kwa spiriti ya duka la dawa, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, rudisha hitisinki. Aisee, kuna watu wakifanya hili tu mashine inabadilika, maana ilikuwa inajipunguza spidi yenyewe kwa joto.

SWALI LA TATU: UMEME

Mgao mkubwa wa 2006, 2011 na 2023 wote tunaukumbuka au tumesimuliwa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha Februari 2024 na hali ikawa afadhali. Lakini sisi wa kaskazini tuko mbali na mitambo, na umeme unapotea njiani. Ndo maana Machi 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya huku.

Hiyo inahusiana nini na prosesa? Inahusiana sana. Mashine iliyoovaklokiwa inavuta wati nyingi zaidi, na pawa saplai chovu ikikutana na umeme unaopanda na kushuka ndipo unasikia harufu ya kuungua. Pia umeme ukikatika katikati ya kazi faili linaweza kuharibika. Kwa hiyo: pawa saplai ya kueleweka yenye wati za kutosha, na UPS, hata ndogo. Kama huna, nunua hivyo kwanza. Ovakloki itakusubiri.

HAYA SASA, HATUA KWA HATUA

1. Hamisha vitu vyako vyote vya maana. Picha, kazi, CV. Flashi au diski ya nje. Usiruke hatua hii.

2. Pima mashine ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Fungua HWiNFO uone nyuzi joto, halafu washa Prime95, programu ya kutafuta namba tasa inayoikamua prosesa mpaka basi. Iache nusu saa. Andika kwenye daftari joto la juu kabisa. Kama bila kuovakloki tayari umepita nyuzi 80, ishia hapo. Rekebisha upozaji kwanza.

3. Ingia BIOS (bonyeza Del au F2 wakati inawaka). Piga picha kwa simu kila ukurasa kabla hujagusa. Tafuta kizidisho, kipandishe namba moja tu.

4. Volteji. Mwanzoni usiipandishe. Ila angalia: bodi nyingine zikiachwa kwenye Auto zinajipandishia zenyewe bila kukuuliza. Ukirudi Windows linganisha volteji ya HWiNFO na ile uliyoandika mwanzo. Kama imepanda sana, iweke mwenyewe kwenye kiwango cha mwanzo.

5. Saa ya msingi na RAM usiziguse. Kwenye bodi nyingi za miaka hiyo saa ya msingi inaburuza na njia za diski, unaweza kuharibu Windows nzima.

6. Washa Prime95 dakika 20 hadi 30. Ikipita, panda namba nyingine moja. Rudia.

7. Simama ukiona mojawapo ya haya: skrini ya bluu, mashine kuganda, Prime95 kutoa kosa, au joto kupita 80. Prosesa nyingi zina uwezo wa kufika 95 au zaidi kabla hazijajipunguza zenyewe, lakini wewe ni mgeni na Februari inakuja.

8. Ukishagusa ukuta, rudi chini namba mbili. Hapo sasa iache Prime95 saa kadhaa, ikiwezekana mchana wa jua. Ikipita, hiyo ndo spidi yako. Ridhika.

Mashine ikigoma kuwaka usilie. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwenye mazabodi kama dakika tano, rudisha. BIOS inasahau yote na kurudi kiwandani.

KWANI INALIPA?

Inategemea kazi. Kama unahariri video za harusi na kipaimara, video iliyokuwa inachukua dakika 60 kutoka kwenye prosesa ya 3.3 inaweza kushuka hadi kama dakika 50 kwenye 4.0. Kwa mtu mwenye oda tano wikiendi hiyo ni pesa. Kama tatizo ni Windows kuchukua dakika nne kuwaka, hilo ni diski ya zamani. SSD itakusaidia kuliko gigahezi zote. Kama ni gemu, mara nyingi kinachokubana ni kadi ya picha.

Na kuna hatari moja watu hawaitaji. Ovakloki mbovu sio lazima ioneshe skrini ya bluu. Inaweza kukosea hesabu kimya kimya, faili likatoka na kasoro. Skrini ya bluu unaiona, ila video ya harusi ya mtu iliyoharibika utaigundua siku ya kukabidhi, na bi harusi hawezi kurudia kuolewa kwa ajili yako. Ndo maana hatua ya 8 sio ya mapambo.

Kwa wanaosema "volteji kidogo haiui": mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba Core za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinayumba kwa sababu ya kupewa volteji kubwa mno, wakatoa marekebisho ya BIOS na kuongeza warantii kwa miaka miwili. Kama mwenye kiwanda limemkuta, wewe na i5 ya mtumba isiyo na warantii jihadhari. Anza taratibu, andika namba zako.

Waliokwisha kuovakloki huku kwetu, mwageni hapo chini: prosesa gani, umefika wapi, nyuzi ngapi na mwezi gani ulipima. Mwezi muhimu jamani, msituletee namba za Julai halafu mkanyamaza!