Bima ya Motokaa: Kupunguza Gharama Bila Kujiponza



Mtu asimamaye Magomeni, mahali Barabara ya Morogoro ikutanapo na Barabara ya Kawawa, huona motokaa za kila namna zikienda Kariakoo: mpya zing'aazo, na kuukuu zilizobeba marobota ya vitenge. Wenye motokaa hizo wote wana jambo moja lililo sawa, nalo ni kwamba kila mwaka hawana budi kulipa bima. Wengi hulipa wakinung'unika, na wengine hutafuta njia ya kuikwepa. Leo twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kupunguza gharama hiyo kwa haki, na jinsi upunguzaji mwingine uwezavyo kumfilisi.

Kwanza tujue bima ni nini. Wahenga walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Watu wengi hutoa fedha kidogo kidogo, zikawekwa pamoja, na yule apatwaye na msiba hulipwa katika fungu hilo. Uingereza iliwalazimisha wenye motokaa kukata bima kwa sheria ya mwaka 1930. Kwetu sharti hilo limo katika Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo asili yake ni zama za ukoloni. Shabaha yake si kumlinda mwenye motokaa, bali kumlinda mpita njia atakayegongwa.

Kwa hiyo bima ni za namna mbili hasa. Bima ndogo humlipa mtu mwingine aliyeumizwa, au warithi wake akifa, na kwa kawaida hata mali yake iliyoharibiwa. Lakini motokaa yako mwenyewe haimo. Bima kubwa hulipa hayo yote pamoja na motokaa yako. Ipo na ya katikati, iongezayo moto na wizi tu. Ikiwa motokaa ni kuukuu na thamani yake ni ndogo, bima ndogo yaweza kutosha. Lakini ikiwa motokaa hiyo ndiyo shamba lako na ndiyo karo ya watoto wako, jiulize: ikipotea usiku huu, kesho utaanza na nini?

Jambo la pili ni thamani. Tuseme motokaa ina thamani ya shilingi 10,000,000, na ada ya bima kubwa ni shilingi 3.50 katika kila shilingi 100. Ada ni shilingi 350,000 kabla ya kodi. Mwenyewe akiandika 15,000,000 kwa fahari, atalipa 525,000; lakini motokaa ikiibwa, kampuni hulipa thamani yake ya siku ile tu. Basi shilingi 175,000 amezitupa. Na akiandika 5,000,000 ili alipe kidogo, kisha akapata hasara ya 2,000,000, kampuni yaweza kumlipa nusu tu, kwa sababu naye alikata bima ya nusu. Faida iko katika kusema kweli.

Tatu, ulizeni kwa wengi. Baada ya mwaka 1967 biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango kwa makampuni mengine. Muulize wakala huyu na yule, tena usiulize bei tu. Uliza kama kuna punguzo kwa mtu aliyemaliza mwaka bila kudai fidia. Uliza pia ada itashuka kiasi gani ukikubali kujibebea sehemu kubwa zaidi ya hasara. Mwenye punguzo la namna hiyo asikimbilie kudai kwa sababu ya taa moja iliyovunjika. Huenda akapoteza punguzo lililo kubwa kuliko taa.

Nne, someni mkataba. Bonde la Msimbazi, pale Jangwani kati ya Magomeni na Kariakoo, hufurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengi. Bima ndogo hailipi motokaa iliyozama, na hata mwenye bima kubwa yampasa kuhakikisha kwamba mafuriko yamo. Tena, aliyeandika kuwa motokaa ni ya matumizi ya nyumbani, naye huchukuza abiria au mizigo kwa malipo, ajue kwamba dai lake laweza kukataliwa.

Mwisho, jihadharini na stika za bei ya ajabu ziuzwazo njiani. Rahisi inavunja upishi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ina mahali katika mtandao wake ambapo mtu huingiza namba ya stika au ya gari akaona kama bima ni ya kweli. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Asiyeifanya, siku akimgonga mtoto wa mwenziwe, atakuwa na stika ya uongo, lakini hapatakuwa na wa kumsaidia kulipa. Na mtoto yule naye atabaki bila haki yake.

Basi, ndugu zetu, punguzeni ada, lakini msipunguze kinga.