Vumbi na Hesabu za Kompyuta

Ndugu wafanyakazi, tukilalamikia vumbi la pamba, mara nyingine tunajibiwa kwa karatasi ya kompyuta: "Tofauti haikuthibitika." Tusikubali jibu hilo kabla ya kuisoma karatasi.

Tuseme wamepimwa pumzi watu 30 wa mashine za kuchambua pamba na 30 wa bohari, wanaolingana umri na urefu. Katika sekunde ya kwanza, wa mashine wanatoa wastani wa lita 3.0, wa bohari lita 3.3. Ndani ya kila kundi watu hutofautiana wao kwa wao kwa kiasi cha lita 0.6. Programu inagawa 0.3 kwa 0.6 na kupata 0.5. Hiyo ndiyo tofauti sanifu. Mtaalamu Jacob Cohen aliita 0.2 ndogo, 0.5 ya kati, 0.8 kubwa.

Lakini waliopimwa ni wachache. Kwa hiyo programu hutoa pia mpaka wa chini na wa juu, kwa kiwango cha asilimia 95. Hapa ni -0.01 hadi 1.01. Sifuri imo, basi mwajiri anasema vumbi halina madhara. Sivyo! Mipaka hiyo hiyo inaruhusu pia madhara makubwa. Wakipimwa 120 kila kundi, na wastani usibadilike, mipaka itakuwa 0.24 hadi 0.76. Sifuri haimo tena.

Basi tudai mawili: mipaka yote iandikwe katika ripoti, na wapimwe watu wa kutosha. "Haikuthibitika" si sawa na "hakuna".