Bakteria wa nitrifikesheni

Bakteria wa nitrifikesheni ni bakteria wanaoishi katika udongo na maji, ambao hugeuza amonia kuwa nitriti na hatimaye kuwa nitrati. Amonia hutokana na mkojo, kinyesi na kuoza kwa mabaki ya viumbehai. Kwa samaki ni sumu kali, hali nitrati ni chakula kinachopendwa na mimea mingi.

Hatua mbili

Kazi hii kwa kawaida hufanywa na makundi mawili yanayopokezana. Kundi la kwanza, kama jenasi Nitrosomonas na Nitrosospira, huunganisha amonia na oksijeni ili kupata nitriti. Kundi la pili, kama Nitrobacter na Nitrospira, huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati. Mabadiliko hayo ndiyo yanayowapa nishati ya kuishi. Miili yao huijenga kwa dioksidi kabonia kama mimea inavyofanya, ila hawahitaji mwanga wa jua.

Nishati wanayopata ni ndogo, hivyo huongezeka polepole sana. Bakteria wa utumbo Escherichia coli, akiwa katika mazingira mazuri, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa huhitaji saa nyingi, na mara nyingi siku nzima au zaidi. Tena hutumia oksijeni nyingi: kila gramu 1 ya nitrojeni iliyomo katika amonia hudai takriban gramu 4.6 za oksijeni.

Ugunduzi

Kwa karne nyingi watu walivuna shura, chumvi ya kutengenezea baruti, kutoka marundo ya samadi na kuta za mazizi, bila kujua inatoka wapi. Mwaka 1877 Wafaransa Théophile Schloesing na Achille Müntz walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hivi amonia ilitoka kama ilivyoingia, kisha nitrati ikaanza kuonekana. Walipoingiza mvuke wa klorofomu kazi ilisimama. Kama ingekuwa kemia tupu isingengoja siku zote hizo, wala klorofomu isingeizuia. Lazima kulikuwa na kitu hai ndani ya mchanga.

Wengi walijaribu kuwatenga viumbe hao kwa kuwaotesha juu ya jelatini, wakashindwa. Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich, alifanikiwa mwaka 1890 kwa kuwanyima chakula kilichotokana na viumbehai na kuwapa madini matupu pamoja na amonia.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba arkea mmoja wa baharini, aliyepatikana katika tangi la samaki huko Seattle, Marekani, naye huanza kazi hiyo kwa kugeuza amonia. Mwaka 2015 wakatambuliwa Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, jambo ambalo vitabu vingi vya shule bado havina.

Katika maji

Samaki hutoa amonia hasa kupitia matamvua. Katika tangi jipya bakteria bado ni wachache, kwa hiyo amonia hupanda kwanza, kisha nitriti, na huchukua wiki 4 hadi 6 hivi mpaka zote mbili zishuke. Nitriti nayo ni hatari: huingia katika damu na kuizuia kubeba oksijeni, damu ikageuka rangi ya kahawia, na samaki wakatwetea juu ya maji hata kama oksijeni imo.

Bakteria hawa hawaelei sana majini. Hujishikiza kwenye changarawe, kuta na kichujio. Ndiyo maana mfugaji anayesugua kichujio kwa maji ya bomba yenye klorini anaweza kupoteza samaki wote siku chache baadaye, ingawa tangi linang'aa. Kichujio husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe.

Katika udongo

Amonia ikiwa udongoni huwa na chaji chanya na hushikwa na chembe za mfinyanzi. Nitrati ina chaji hasi, haishikwi, na mvua kubwa huizamisha mbali na mizizi. Kwa hiyo bakteria walewale wanaomlisha mkulima humpotezea mbolea.

Hilo huonekana wazi Afrika Mashariki, yenye kiangazi na masika. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alieleza katika miaka ya 1950 jinsi udongo uliokauka, ukiloweshwa tena, unavyoanza ghafla kuozesha mboji na kuachia nitrojeni. Sehemu kubwa yake hugeuzwa kuwa nitrati mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Mahindi yaliyopandwa mapema huiwahi. Yaliyochelewa huikuta imeshashuka chini. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya yurea igawanywe na kuwekwa kwa awamu.

Nitrifikesheni pia huacha asidi. Shamba linalotiwa salfeti ya amonia mwaka hadi mwaka huchachuka, na maharage hudhoofu mpaka liwekwe chokaa, chai haijali.

Baadhi ya mimea huwazuia bakteria hawa yenyewe. Mizizi ya nyasi ya malisho Brachiaria humidicola, yenye asili ya Afrika, hutoa kemikali inayowapunguzia kasi, nayo ilitambuliwa mwaka 2009. Katika malisho ya nyasi hiyo nitrojeni nyingi zaidi hubaki katika umbo la amonia, pale mizizi inapoweza kuifikia.