Zein l'Abdin: Fundi wa Udi Aliyekataa Kufuata Upepo

Katika arusi za Kinondoni na Temeke, taarabu sasa huvuma kwa vinanda vya umeme. Yafaa tumkumbuke fundi aliyeshikamana na ala moja ya mbao.

Zein l'Abdin Ahmed Alamoody alizaliwa Lamu mwaka 1939, akapata sifa Mombasa, akafariki dunia mwaka 2016. Mombasa ya ujana wake ilitekwa na sinema za Kihindi. Juma Bhalo alipendwa mno kwa kutia maneno ya Kiswahili katika tuni za sinema hizo. Zein alishika njia yake: udi, mapigo ya ngoma za pwani, na mashairi ya mwana mwenziwe wa Lamu, Ahmed Sheikh Nabhany.

Shingo ya udi haina alama za kuongoza vidole. Sauti hutafutwa kwa sikio. Elimu hiyo haipatikani kitabuni, hupokewa kwa kukaa karibu na fundi.

Mwaka 1990 nyimbo zake zilitolewa Uingereza kwa jina la Mtindo wa Mombasa. Wageni walizihifadhi. Je, ndugu msomaji, nyumbani kwetu ni kijana yupi anayejifunza udi?