Uzito na Uti wa Mgongo: Kweli au Si Kweli?

Ukiwa na mwili mkubwa kisha kiuno kikaanza kuuma, jibu la mtaani, na mara nyingine hata la hospitalini, ni moja tu: punguza uzito. Ushauri huo si wa uongo. Lakini umezungukwa na imani zinazowazidishia watu maumivu.

“Kila mnene ataumwa mgongo.”

Si kweli. Ni sahihi kwamba wenye uzito uliozidi huumwa kiuno mara nyingi zaidi, na hupata zaidi yale maumivu yanayoshuka kutoka kwenye makalio hadi mguuni. Hata hivyo, wengi wao hawana shida yoyote ya mgongo, na wembamba nao huugua. Kazi za sulubu na sigara pia zinachangia.

“Kitambi kinaelemea kiuno.”

Kweli. Tumbo likitangulia mbele, kiuno huingia ndani, na misuli ya mgongo hulazimika kuvuta muda wote ili mwili usiinamie mbele. Ni kama kubeba ndoo ya maji ukiwa umenyoosha mikono.

“Uzito umesaga pingili zangu.”

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Kinachoanza kuchakaa kwa kawaida ni diski, ile sahani laini iliyo kati ya pingili na pingili. Kwa mtu mzima diski karibu haina mishipa ya damu. Hulishwa na virutubisho vinavyopenya polepole kutoka kwenye mifupa jirani, ndiyo maana ikiharibika hupona kwa shida.

Je, uzito ndio unaoiharibu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka Hong Kong, uliohusisha watu zaidi ya 2,500, uliona diski zilizochakaa zaidi kwa wenye uzito uliozidi. Lakini miaka miwili kabla, watafiti walichapisha matokeo ya mapacha wa Finland wanaofanana kabisa, mmoja akimzidi mwenzake kwa wastani wa kilo 13. Diski za pacha mzito hazikuwa mbaya zaidi. Baadhi zilikuwa na hali nzuri kidogo. Utafiti wa mapacha umeonyesha pia kwamba urithi una nguvu kubwa katika suala hili. Tena mafuta ya mwilini si mzigo tu: hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na huenda hizo nazo zinaongeza maumivu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kilo zako peke yake ndizo zilizokusaga mgongo amesema zaidi ya anachoweza kuthibitisha.

“Mzito apumzike, mazoezi aanze akishapungua.”

Si kweli hata kidogo, na imani hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli ileile inayoushikilia mgongo. Mazoezi hupunguza maumivu hata kama mizani haijasogea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, na haupendekezi mikanda ya mgongo ambayo watu wengi huinunua. Anza na matembezi mafupi leo, kwa uzito ulio nao.

“Kwa mnene, dawa ya maumivu yote ya mgongo ni kupungua.”

Si kweli, na imani hii inaweza kuleta kilema. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukafa ganzi sehemu za siri, au mguu ukaanza kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usikubali kurudishwa nyumbani kabla ya kupimwa.